Chokaa ya tanuu kwa jengo la umma Mji Mkongwe: tathmini baada ya masika mawili

Bidhaa ninayoitathmini hapa haina nembo wala mfuko uliochapishwa. Ni chokaa ya mawe ya matumbawe iliyochomwa katika tanuu huko shamba, ikaletwa mjini kwa gari ikiwa bado ni mawe meupe mepesi, ikalowekwa katika mapipa uani, kisha ikatumika kupiga lipu upya kuta mbili za jengo la ghorofa katika Mji Mkongwe wa Unguja. Juu ya jengo hilo kuna chuo cha Kurani cha watoto, na chini kuna ukumbi wa mtaa ambamo hufanyika mikutano, maulidi na, kampeni zinapowadia, mabishano. Nilikuwa katika kamati iliyosimamia kazi hiyo. Muuzaji simtaji, na jengo silitaji, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza yanahusu matengenezo mabovu yaliyotutangulia na sikusudii kumshitaki mtu. Chokaa yenyewe, hata hivyo, inastahili kupimwa kama tunavyopima rangi, bati au pampu ya maji, kwa kuwa ni bidhaa inayouzwa na kununuliwa, na wengi wanaoinunua hawaijui.

Kwanza nieleze tulichokikuta, maana bila ya hicho sifa za chokaa zitaonekana kuwa ni mapenzi ya mambo ya kale tu. Miaka kadhaa kabla yetu, kuta hizo zilifunikwa kwa lipu ya saruji na mkandarasi ambaye bila shaka aliamini kuwa anatuachia kitu cha kudumu. Kwa kutazama ilikuwa kazi safi: pembe zimenyooka, uso laini, rangi ya maziwa. Fundi wetu, mzee ambaye sote twamwita Maalim, alipita akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuanzia mlangoni hadi dirisha la tatu, na karibu kila mahali ukuta ulilia kama dafu lililokwisha kunywewa. Alipoingiza patasi katika ufa na kuipiga mara moja, kipande cha lipu chenye ukubwa wa msala kilibanduka kizima na kuanguka miguuni petu. Nyuma yake hapakuwa na ukuta mkavu tuliokuwa tukiufikiria. Palikuwa na chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu, imelowa kiasi kwamba niliikwangua kwa ukucha ikatoka. Boriti mbili za mikoko zilizoingia ukutani mahali hapo zilikuwa zimeoza ncha; Maalim alitia mkono katika shimo akatoa kiganja cha unga wa kahawia, chepechepe, kama chicha iliyokwisha kukamuliwa. Juu ya boriti hizo ndipo wanapokaa watoto wadogo kabisa wa chuo.

Kilichotokea hapo hakihitaji elimu kubwa kukielewa. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo, kwa unene unaofika nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini, huyanywa kutoka kwenye mvua inayopiga ubavuni, huyanywa pia kutoka kwenye mabomba, kwani Sultani Sayyid Barghash alipoleta mjini maji ya chemchemi ya Bububu mwishoni mwa karne ya 19 alileta neema kubwa, lakini tangu hapo vyoo na mabafu vimekuwa vikiongezwa ndani ya nyumba ambazo waashi wake hawakuvitarajia. Na kwa kuwa tupo ufukweni, maji hayo huja na chumvi. Ukuta uliopigwa lipu ya chokaa huyarudisha maji hewani polepole kupitia uso wake wote, kwa sababu chokaa ina vitundu vidogo vidogo vinavyopitisha unyevu. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba, haikubali kutikisika pamoja nao, na hivyo haikosi nyufa. Maji huingilia katika nyufa hizo, kisha yakakosa pa kutokea. Hubaki ndani, hupanda, huozesha ncha za boriti, na chumvi inapokauka nyuma ya lipu hufanya chembe zinazoisukuma mpaka ibanduke. Sina ugomvi na saruji. Nyumba yangu mwenyewe ya matofali, nje ya mji, ina lipu ya saruji na sijapata kuijutia. Katika ukuta wa matumbawe, lakini, ugumu wake ndio kasoro yake.

Jambo hili ni zito zaidi kwa majengo ya umma kuliko kwa nyumba ya mtu binafsi, ambaye akiona ubichi chumbani kwake hatalala mpaka amwite fundi. Mji huu uliishi kwa bandari, na majengo yake makubwa yalijengwa, au yaligeuzwa matumizi, kati ya zama za Barghash na mwisho wa himaya ya Waingereza iliyoanza mwaka 1890 na kumalizika mwaka 1963. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kuwa jumba la sherehe, ikasalimika na mizinga ya manowari za Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, kisha Waingereza wakaifanya ofisi za serikali kuanzia mwaka 1911. Mahakama Kuu ya Vuga, ya mwaka 1908, na Beit al-Amani, jengo la makumbusho la mwaka 1925, zote mbili zilichorwa na J. H. Sinclair, mtumishi wa serikali hiyo aliyekuwa msanifu kwa taaluma. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za watu nazo zikawa mali ya serikali na kupangishwa kwa kodi ndogo. Ulikuwa uamuzi wenye sababu zake, lakini kodi ile haikutosha hata kununua mabati. Jengo likawa la wote, na ndoo ya chokaa haikuwa ya mtu.

Mamlaka ya kuhifadhi mji ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Yapo mambo mazuri yaliyofanyika. Zahanati ya zamani pale Mizingani, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan na ujenzi wake kumalizika mwaka 1894, ilikuwa imechakaa vibaya kabla ya kukarabatiwa katika miaka ya 1990 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Mtu akitaka kuona kazi ya mbao na chokaa iliyofanywa kwa adabu, aende akasimame chini ya baraza zake zile za nakshi. Hatua chache kutoka hapo, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mkubwa wa jengo ukaanguka wakati ukarabati uliogharimiwa na Oman ukiendelea, watu wawili wakapoteza maisha. Siyataji hayo ili kutafuta wa kumlaumu. Nayataja kwa sababu tangu siku ile hakuna mjumbe wa kamati yetu aliyethubutu tena kusema kuwa ufa ni mstari tu.

Sasa nirudi kwenye mapipa. Tulinunua mawe, hatukununua unga. Matumbawe yanayotumika ni yale yanayochimbwa nchi kavu, si ya mwamba ulio hai baharini, na hilo tulilihakikisha kabla ya kulipa. Mawe hupangwa juu ya rundo la magogo yakachomwa kwa joto kali la kiasi cha nyuzi 900, yakatoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na yanapotoka motoni huwa mepesi kiasi cha kumshangaza mtu aliyezoea kubeba jiwe. Lawama yangu ya kwanza ipo hapa: katika magunia 20 tuliyopokea, kiasi cha mawili yalikuwa na mawe yasiyoiva, meupe nje na jiwe tupu ndani, ambayo yalibaki chini ya pipa kama kokoto baada ya mengine yote kuyeyuka. Muuzaji alikuja, akayaona, akaleta mengine bila ya ubishi. Mnunuzi mwingine ayapasue machache mbele ya gari kabla ya kushusha mzigo.

Kuloweka ndiyo sehemu ya kazi ambayo sitaisahau. Kijana mmoja wa kazi alichukua ndoo akataka kumwaga maji juu ya mawe yaliyokuwa ndani ya pipa kavu, na Maalim akamshika mkono. "Hapana, mwanangu. Maji kwanza, kisha jiwe ndani yake. Ukilimwagia, litakurukia usoni." Pipa likajazwa maji nusu, mawe yakatiwa moja moja kwa chepe la mpini mrefu, na baada ya dakika chache za ukimya, ambazo zilinifanya nidhani tumeuziwa mawe ya bure, maji yakaanza kutokota yenyewe kama uji mkubwa wa arusi. Mvuke ulifika dirisha la ghorofani na bati la pipa halikushikika. Kila aliyekuwa karibu alivaa miwani na glavu, na watoto wa chuo walipewa likizo ya siku mbili waliyoipokea kwa furaha isiyofichika. Hili ni onyo la kweli kwa anayetaka kufanya kazi hii katika jengo linalotumika: chokaa hai, yaani ile ambayo haijalowekwa, huunguza ngozi na hupofua jicho, na uchochoro wa Mji Mkongwe hauna pa kukimbilia.

Baada ya kupoa, uji ule ulifunikwa na kuachwa chini ya maji kwa wiki nane. Ulipofunuliwa ulikuwa kama mtindi mzito, laini, usio na chembe, na ulipopitishwa kwenye chekecheke haukuacha kitu. Kipimo chetu kilikuwa chokaa moja kwa mchanga mitatu, mchanga wa shimo na si wa pwani, kwa kuwa mchanga wa pwani ungeturudishia chumvi ile ile tuliyokuwa tukiitoa. Lipu ilipigwa kwa mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kila mkono usiozidi unene wa kidole kidogo, ukuta ukilowanishwa kwanza na kila mkono ukifunikwa kwa magunia mabichi siku kadhaa ili usikauke kwa haraka. Chokaa haikauki kama tope. Huganda kwa kuvuta hewa ya kaboni na kurudi polepole kuwa jiwe, na jambo hilo halilazimishiki. Mkandarasi wa saruji angemaliza kuta zile mbili kwa siku tisa au kumi. Sisi tulitumia wiki saba, nyingi zikiwa za kungoja, huku wapita njia wakituuliza kama pesa zimekwisha. Kwa hiyo, ikiwa jengo linatakiwa kumalizika kabla ya mgeni rasmi kuja kukata utepe, chokaa isinunuliwe, kwa sababu itakuja kulaumiwa kwa kosa la kalenda.

Kwa kulinganisha, tulijaribu chokaa ya mfuko kwenye ukuta wa uani. Ni unga uliokwisha kulowekwa kiwandani, hauchemki, hauhitaji pipa wala miwani ya aina ile, na kwa kupaka ukuta tu unafaa kabisa ukilazwa majini usiku mmoja. Kwa lipu haukuturidhisha. Baada ya miezi mitatu ukuta ukipitishiwa mkono bado ulitoa vumbi. Nadhani mifuko yetu ilikuwa imekaa dukani muda mrefu, na unga huo ukikaa hewani huanza kuganda kabla haujafika ukutani, kwa hiyo mtu hununua jina la chokaa na kupata chaki. Wapo pia mafundi wanaoongeza saruji kidogo katika chokaa "ili ishike haraka". Tulikataa, ila siku moja Maalim alipokuwa msikitini karai moja ilichanganywa hivyo, na mahali palipopigwa lipu ile panaonekana mpaka leo karibu na ngazi: doa la kijivu, lenye ufa wa duara kuzunguka ukingo wake, kana kwamba ukuta unajaribu kulitema.

Masika mawili yamepita. Ukuta wa kaskazini uko vizuri kuliko nilivyotazamia. Ile harufu ya ubichi iliyokuwa ikimpokea mtu mlangoni haipo. Boriti mpya hazina alama ya maji. Nyufa nyembamba kama unywele zilijitokeza mwezi wa pili baada ya kazi, zikapakwa chokaa nyepesi mara mbili na hazijaonekana tena. Rangi yake si nyeupe ya karatasi, hubadilika: asubuhi baada ya mvua huwa ya kijivu, adhuhuri hurudi nyeupe, na kwa kuitazama tu mtu anajua maji yanatoka.

Ukuta wa magharibi una hadithi nyingine. Zamani nyumba hizi zilikuwa na sakafu bapa za chokaa juu, kama zile za Lamu, ambazo hazikuhimili mvua zetu, na ndiyo maana nyingi zikaja kuvikwa mapaa ya mabati. Paa la bati huyakusanya maji yote na kuyapeleka mahali pamoja, yaani kwenye mlizamu, na mlizamu wetu ulikatika katika masika ya kwanza, mwezi wa Aprili. Tuliiandikia barua ofisi inayohusika. Tukaandika ya pili. Tukaambiwa kuwa fungu la ukarabati wa jengo lile limekwisha kutumika, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa kuwa lilitumika kununua chokaa. Mlizamu ulibadilishwa Agosti. Kwa miezi minne maji ya nusu ya paa yalipiga ukuta mmoja, na hakuna lipu duniani iliyotengenezwa kwa adhabu hiyo. Sehemu yenye urefu wa mtu mzima ilifanya ukungu wa kijani, kisha ikaanza kumomonyoka.

Hapo ndipo nilipoiona sifa ya chokaa ambayo hakuna aliyeniambia wakati wa kununua. Haikubanduka kipande kizima kama saruji. Ilipungua kidogo kidogo kutoka juu, ukuta uliokuwa nyuma yake ukabaki imara, na boriti zikasalimika. Na ilipofika wakati wa kuziba, hatukununua kitu. Pipa moja lilikuwa limebaki uani na chokaa yake chini ya maji, ikiwa nzuri kuliko siku tuliyoiloweka, kwa sababu chokaa ya namna hii ikitunzwa isikauke haiharibiki bali huzidi kulainika. Maalim alikuja na mwiko wake na karai, akaanza baada ya alasiri, akamaliza kesho yake kabla ya adhuhuri. Mfuko wa saruji uliosazwa na mkandarasi wa zamani tuliukuta chumba cha chini ya ngazi, umekuwa jiwe lenye umbo la mfuko, na sasa tunautumia kuzuia mlango.

Kwa upande wa kasoro, kuni ndizo zinazonisumbua zaidi. Tanuu hula magogo mengi, na ingawa muuzaji wetu anatumia minazi mizee iliyokwisha kuzaa, mahitaji yakiongezeka sijui ni mti gani utakaofuata. Mafundi nao ni wachache, na waliopo wamezeeka. Vijana wawili tu ndio waliokubali kujifunza kwa Maalim katika kazi yetu, na mmoja ameshakwenda kwenye hoteli kupaka rangi za madukani. Kisha kuna upakaji wa kila mwaka. Lipu ya chokaa inataka kupakwa chokaa nyepesi kila msimu wa kaskazi, baada ya vuli kupita na kabla ya masika kuingia, kazi ya watu watatu kwa siku mbili. Gharama yake ni ndogo hata inatia aibu kuiombea kibali, na nadhani hiyo ndiyo sababu haipatikani. Fedha za kujenga upya ukuta wa bahari wa Mizingani zilipatikana kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wanaobarizi pale jioni ni mashahidi kuwa zilitumika vizuri. Lakini hakuna benki inayokopesha ndoo tatu za chokaa kila Januari, na katika daftari la ofisi nililoonyeshwa kuna fungu la kujenga na fungu la kukarabati, hakuna fungu la kutunza.

Kwa hiyo naipendekeza chokaa ya tanuu, bila ya kusita, kwa skuli, chuo, msikiti, zahanati au ofisi yoyote iliyomo ndani ya kuta za matumbawe, kwa sharti kwamba mnunuzi akague paa na mlizamu kabla ya kulipia gunia la kwanza, na kwamba kabla ya kazi kuanza awe na jina la mtu atakayeshika brashi mwakani. Asiye na jina hilo anunue mlizamu tu mwaka huu, na chokaa aingoje.

Sisi tumekwisha kuagiza magunia mengine 12 kwa ajili ya ukuta wa ngazi, ambao bado umevaa saruji yake. Safari hii orodha ya manunuzi imeanza na mita 14 za mlizamu wa bati nene na vishikio vyake vya chuma, ikafuatiwa na ngazi ndefu ya kwetu wenyewe, kwa kuwa ile tuliyokuwa tukiitumia ni ya msikiti wa jirani na imam ameanza kuiulizia.